Jina Moja, Watu Wengi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na makarani wa madaftari katika sikukuu ya Yubilei



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake laonekana dogo, nalo ni hili: jinsi ya kumtambua mtu katika madaftari na hati za kale, iwapo jina lake lafanana na jina la mtu mwingine. Yubilei ni siku ya kukumbuka. Ifikapo, twataka kuyataja majina ya waliotutangulia, kuyaandika kitabuni, kuyachora juu ya jiwe, na kuwaambia watoto wetu, "Huyu ndiye babu yenu." Ni kazi njema. Lakini jiwe likiisha kuchorwa halisikii masahihisho, na kitabu kikiisha kupigwa chapa hakirudi tena mikononi mwa mwandishi. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kabla ya kuchora: huyu tunayemtaja, ni nani hasa?

Mtu aweza kusema, "Yohana ni Yohana, kosa dogo lina hasara gani?" Hasara zake ni tatu. Ya kwanza ni ya sifa: aliyefanya kazi hunyimwa heshima yake, na asiyeifanya akavikwa. Ya pili ni ya jamaa: watu huhesabiwa ndugu nao si ndugu, au huhesabiwa wageni nao ni wa damu moja, na ninyi mwajua jinsi mambo ya mirathi, ya shamba na ya ndoa yanavyotegemea hesabu hiyo. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Wako watu waliochukuliwa utumwani wangali watoto, wakasahaulishwa baba zao na nchi zao, wakafa bila kaburi linalojulikana. Mtu wa namna hiyo hana kitu kilichosalia duniani ila mstari mmoja katika daftari. Tukimpa mwingine mstari ule, tumemfuta mara ya pili.

Basi kwanza tutazame sababu za majina kufanana.

Desturi ya makabila mengi ni kumpa mtoto jina la babu yake. Hivyo jina huruka kizazi kimoja likarudi katika kizazi cha pili, na karani asiyeandika mwaka humchanganya babu na mjukuu. Watu wa pwani wamewaita watoto wengi kwa siku waliyozaliwa, kama Juma na Hamisi, au kwa mwezi, kama Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Na siku ni saba tu, na miezi ni kumi na miwili. Watumwa walipewa majina na mabwana zao: Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi. Yalikuwa majina ya heri na ya vito, nayo yalirudiwa nyumba kwa nyumba hata yakawa kama sare ya askari. Kisha zikaja misheni, na madaftari ya ubatizo yakajaa akina Yohana, Yakobo, Petro na Maria. Tena aliyeandika mara nyingi alikuwa mgeni, naye aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Mtu mmoja katika habari za mwisho za David Livingstone aandikwa Amoda katika ukurasa huu, na Hamoydah katika ukurasa mwingine.

Kwa hiyo twapambana na matatizo mawili yasiyofanana. La kwanza, watu wengi chini ya jina moja. La pili, mtu mmoja chini ya majina mengi. Atakayechunga la kwanza tu ataangukia la pili, na atakayechunga la pili tu ataangukia la kwanza. Nitatoa mifano ya watu wanaojulikana katika habari za nchi zetu.

Mfano wa kwanza ni wa Mabruki. Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka wa 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, watumishi wawili walipata kutajwa sana katika vitabu vyao, Sidi Mubarak Bombay na Mabruki. Speke alipofunga safari nyingine pamoja na James Grant mwaka wa 1860, Mabruki alikwenda tena. Hata mwaka wa 1871, Henry Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone, alimwandika Mabruki katika msafara wake. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1872 Stanley asema kwamba huyu ndiye Mabruki aliyekuwa na Burton; walakini katika orodha yake amwita Mabruki Speke. Msomaji mwenye haraka akikuta "Mabruki wa Burton" huku, na "Mabruki Speke" kule, atadhani ni watu wawili. Kumbe ni mmoja, aliyepachikwa majina ya Wazungu wawili aliowatumikia.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka wa 1866 Livingstone aliingia bara pamoja na vijana tisa waliosomeshwa katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na Nasik, Bara Hindi. Walikuwa Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza, wakapelekwa ng'ambo ile. Mmoja wao aliitwa Nathaniel Mabruki. Livingstone alipofariki mwaka wa 1873, waliosalia katika wale walioanza naye mwaka wa 1866 walikuwa watano: Susi, Chuma, Amoda, Gardner na Mabruki. Huyu Mabruki wa watano hao ni yule wa Nasik, wala si yule wa Burton na Speke. Na misafara yote miwili ilikutana Ujiji mwaka wa 1871! Mtu akisoma habari za mwaka ule na kuona neno "Mabruki" peke yake, hana haki ya kumchagua mmoja kwa kubahatisha. Imempasa aangalie: ni nani anayeandika, Stanley au Livingstone? Mabruki huyu ametajwa pamoja na wenzi gani? Alianza safari lini, na kutoka wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayowatenga.

Mfano wa pili ni wa vijana hao hao wa Nasik. Mwaka wa 1872 Stanley alipokwisha kurudi pwani, alimpelekea Livingstone kikosi cha watu kutoka Unguja. Ndani yake walikuwamo sita wa Nasik: Jacob Wainwright, John Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar, Richard Rutton na Benjamin Rutton. Tazameni, akina Wainwright wawili, na akina Rutton wawili. Tena katika kikosi cha kwanza cha mwaka wa 1866 alikuwamo Rutton wa tatu, ndiye James.

Katika Rutton watatu, mauti ndiyo yanayotusaidia. James aliuawa kwa mshale mwaka wa 1871, kabla wale wawili hawajamfikia Livingstone. Basi hati ya mwaka wa 1873 ikitaja Rutton, James hayumo. Limebaki la kuchagua kati ya Richard na Benjamin. Hii ni kanuni yenye nguvu kuliko zote: mtu hafanyi kazi baada ya kufa kwake, wala hayuko mahali pawili kwa siku moja. Kanuni hii haitwambii mtu ni nani, lakini yatwambia kwa yakini ya kuwa si fulani. Na katika kazi hii kujua nani siye ni nusu ya safari.

Katika Wainwright wawili, linalotudhuru ni kufupisha. Jacob ndiye aliyesindikiza maiti ya Livingstone hata Uingereza, naye alikuwapo London siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874. John hakwenda. Lakini karani akiandika "J. Wainwright," atakuwa amewafunga wawili kwa kamba moja, maana wote wawili jina lao laanza kwa herufi ile ile. Herufi moja humwokolea mwandishi nukta mbili za wakati, nayo humgharimu msomaji siku nyingi. Ninyi makarani, nawasihi: msifupishe jina la kwanza.

Mfano wa tatu ni wa mtu mmoja mwenye majina mengi. Livingstone alimwandika kazini Susi huko Shupanga, penye Mto Zambezi, mwaka wa 1863. Katika hati huitwa Susi, au Abdullah Susi. Mwaka wa 1886 alibatizwa Unguja akaitwa David, naye alifariki mwaka wa 1891. Basi mtafutaji asiyejua habari ya ubatizo ule atamwona Abdullah Susi akitoweka mwaka wa 1886, na David Susi akizuka mwaka huo huo, kana kwamba ameshuka na mvua. Kadhalika rafiki yake, Chuma, aliyekombolewa mwaka wa 1861 katika nchi ya Mto Shire, alibatizwa Bombay mwaka wa 1865 kwa jina la James, nasi twamwona hapa Chuma, pale James Chuma. Na Matthew Wellington, yule wa Nasik niliyemtaja, alizaliwa Myao, na jina alilopewa kwao lilikuwa Chengwimbe. Alifariki Mombasa mwaka wa 1935. Jamaa zake wa Uyao wangemtafuta kwa jina la Matthew Wellington hata lini? Wasingempata kamwe. Ila daftari lenye majina yote mawili katika mstari mmoja ndilo lililo daraja kati ya watu wa huku na watu wa kule.

Mfano wa nne waonyesha matatizo yote mawili pamoja. Unyanyembe palikuwa na mtemi ambaye Wazungu walimwandika Manua Sera. Waarabu wa Tabora walimwondoa katika utemi wake, akawapiga vita miaka mingi, mwisho akauawa mwaka wa 1865. Lakini katika kikosi kilichompelekea Livingstone msaada mwaka wa 1872 alikuwamo mkubwa wa wapagazi aitwaye vivyo hivyo, Manua Sera. Na ndiye aliyekuwa nahodha wa watu wa Stanley walipovuka Afrika kutoka mashariki hata magharibi, tangu 1874 hata 1877. Mtemi aliyekufa mwaka wa 1865 hakuweza kuvuka Afrika mwaka wa 1877. Hili ni la watu wawili chini ya jina moja.

Nalo la pili ni hili. Livingstone alipofia katika kijiji cha Chitambo, Jacob Wainwright alichonga maandishi juu ya mti. Alichonga jina la marehemu na tarehe 4 Mei 1873, na chini yake majina ya wakubwa watatu wa msafara. Moja katika hayo alilichonga MNIASERE. Msomaji wa Stanley hulijua jina hilo kwa Manwa Sera. Mtu ni yule yule. Aliyebadilika ni mwandishi. Na mti ule watufundisha jambo lingine. Kitabu kilichotolewa mwaka wa 1874 kutokana na madaftari ya Livingstone chatoa siku ya kifo kuwa tarehe 1 Mei, na mti wasema tarehe 4. Mashahidi wawili walio karibu sana na jambo hawakubaliani kwa siku tatu. Basi tarehe ikipishana kidogo, msiwagawanye watu wawili kwa ajili ya hiyo tu. Na tarehe ikipatana, msiwaunganishe kwa ajili ya hiyo tu.

Labda mtasema, "Hayo ni ya wapagazi, watu wasiokuwa na ukoo ulioandikwa. Wenye bin hawachanganyiki." Haya, twende kwa Masultani wa Unguja. Ali bin Said alitawala tangu 1890 hata 1893. Ali bin Hamoud alitawala tangu 1902 hata 1911. Khalifa bin Said alitawala tangu 1888 hata 1890. Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 hata 1960. Sasa mtu akikuta karatasi yenye kusema "amri ya Seyyid Ali juu ya utumwa," ni Ali yupi? Wote wawili walitoa amri za jambo hilo: wa kwanza tarehe 1 Agosti 1890, wa pili mwaka wa 1909. Amri ya kwanza ilikataza kuuza na kununua watumwa. Ya pili ilimaliza mabaki ya utumwa yaliyoachwa na sheria ya mwaka wa 1897. Aliyekosa mwaka amekosa sheria. Tena neno "bin Said" peke yake halimtengi mtu, kwa kuwa Majid, Barghash, Khalifa na Ali wote walikuwa wana wa Said bin Sultan. Jina la baba lafaa likiwa pamoja na jina la mwana, na mwaka ukiwa pamoja nayo yote mawili.

Wenye kutunza maktaba kubwa za ulimwengu walikwisha kuyaona mashaka haya zamani. Mwaka wa 1841 maktaba ya British Museum, London, ilipiga chapa kanuni 91 za kuandika orodha ya vitabu, na Antonio Panizzi ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo. Shabaha moja ya kanuni za namna hiyo ni kwamba vitabu vya mtu mmoja vikae pamoja, wala visichanganywe na vya mwenziwe. Ndiyo sababu katika orodha za maktaba mwaona mwaka wa kuzaliwa na wa kufa ukifuata jina. Kwa mfano, wako akina William Jones wengi sana. Mmoja ni Sir William Jones, hakimu wa Calcutta na mjuzi wa lugha, aliyezaliwa mwaka wa 1746 akafa mwaka wa 1794. Mwingine ni William Henry Jones wa Rabai, Mwafrika aliyetoka katika watu wa Nasik, aliyepewa ushemasi mwaka wa 1885, akasafiri mwaka ule ule pamoja na Askofu Hannington, na baada ya kuuawa kwa askofu akawarudisha pwani wapagazi waliosalia. Bila miaka yao na kazi zao, huyu wa Rabai angemezwa na yule wa Calcutta, kwa kuwa mwenye jina kubwa siku zote humvuta mwenye jina dogo kama mto unavyovuta kijito.

Lakini kanuni za ng'ambo hazikukatwa kwa kipimo chetu. Kwa Waingereza jina la mwisho ni la ukoo, nalo hutangulizwa katika orodha. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba tu. Mshairi wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909 akafariki mwaka wa 1962, alikuwa Shaaban mwana wa Robert. Ukimtafuta katika orodha ya maktaba, tazama chini ya Shaaban, tena tazama chini ya Robert, usije ukasema, "Hayumo." Tangu mwaka wa 2012 pana kanuni ya mataifa ya kumpa kila mtungaji namba yake yenye tarakimu kumi na sita, ili jina likifanana, namba isifanane. Ni msaada mzuri. Ila namba hutolewa na mtu aliyekwisha kuwatenga watu, haiwatengi yenyewe. Na kompyuta nayo, iwezayo kupekua orodha nzima kwa kufumba na kufumbua, hutafuta herufi tu, mtu haimjui.

Basi yafuatayo ndiyo ninayowaomba mwashike katika kazi ya kutafuta.

Kwanza, kila mstari mnaoukuta, uandikeni katika karatasi yake peke yake, kama ulivyo, kwa herufi zile zile, hata kama mwaona zimekosewa. Msimsahihishe karani wa kale kabla ya kumsikiliza.

Pili, andikeni mambo yanayolizunguka jina: baba na mama, mahali, mwaka, kazi, mdhamini wa ubatizo, shahidi wa ndoa. Mtu hubadili jina lake, lakini ni vigumu kubadili wenzi wake wote kwa siku moja. Ukimwona Yakobo huyu na Yakobo yule wakitajwa pamoja na mke yule yule na mdhamini yule yule, una neno la kusimamia.

Tatu, msiunganishe karatasi mbili kwa sababu ya jina tu. Takeni mashahidi wawili mbali na jina, wasiotoka katika chemchemi moja. Kitabu kilichonakili kitabu si shahidi wa pili. Ni mwangwi wa yule wa kwanza.

Nne, mkiwa na shaka, waacheni wametengana. Nieleze sababu. Karatasi mbili za mtu mmoja zaweza kuunganishwa siku yo yote, wala hakuna kilichoharibika. Lakini maisha ya watu wawili yakiisha kushonwa kuwa habari moja, nani atakayejua uzi upi ni wa nani? Wajukuu wataisoma, wataipenda, wataikariri, na mwisho wake itakuwa kweli kwao.

Tano, shaka yenyewe iandikeni. Neno "labda" katika daftari si aibu. Ni taa iliyoachwa kwa yule ajaye baadaye.

Mtauliza, tutafute wapi? Anzeni nyumbani, katika madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya maziko, na katika vinywa vya wazee wangali wapo. Kisha ziko Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na za Dar es Salaam, na zile za Nairobi. Hati nyingi zilivuka bahari. Barua za CMS zimetunzwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Hati za UMCA zimo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Na barua za serikali ya Uingereza juu ya biashara ya watumwa, ambamo mna habari za majahazi yaliyokamatwa, zimo katika nyumba ya nyaraka huko Kew. Tena kumbukeni kwamba mtu mmoja aweza kuwa na nusu ya maisha yake Oxford na nusu nyingine katika sanduku la parokia. Nusu zile hazitakutana zenyewe, ila pawe na mtu wa kuzikutanisha.

Na hapa nataka kusema neno juu ya mama zetu. Tumetaja Susi, Chuma, Jacob na Matthew. Lakini katika safari ile walikuwamo wanawake pia. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone, naye alikuwa mke wa Amoda. Ntaoeka alikuwa mke wa Chuma. Hawa wawili twawajua kwa sababu Livingstone aliandika majina yao. Wangapi hawakuandikwa? Fungueni madaftari yetu mkaone: "mke wa Yohana," "mama wa Petro," "binti mmoja." Na ikiwa Yohana walikuwa watatu, "mke wa Yohana" ni nani? Mwanaume mwenye jina la kufanana ana jina la kuanzia walau. Mwanamke aliyeandikwa kwa jina la mumewe hana hata hilo. Karani wa leo anayeandika "mke wa" bila jina ameufunga mlango, akautupa ufunguo.

Maana jambo hili si la kale tu. Sisi nasi tutakuwa watu wa kale. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari". Na mali ya jamaa ni watu wake. Basi mnapomwandika mtoto leo, andikeni jina lake zima, la baba na la babu, la mama na la baba wa mama. Kijiji, si wilaya tu. Siku, mwezi na mwaka. Mtu mzima akibadili jina, liandikeni jipya, wala msilifute la kwanza. Pigeni mstari mwembamba ili lisomeke. Akiwa na jina la kwao na jina la ubatizo, yaandikeni yote mawili katika mstari mmoja. Wawili wakiwa na jina moja katika kijiji kimoja, ongezeni alama ya kuwatenga: fundi, mvuvi, wa mlimani, wa pwani. Andikeni kwa wino, na kwa mkono unaosomeka. Kazi yote hii haitamchukua karani zaidi ya dakika tano kwa kila mtu.

Na ule ubao wa majina tunaotaka kuutundika kwa Yubilei hii, shauri langu ni hili. Majina ambayo wenyewe wamekwisha kutambulikana kwa yakini, yachongwe sasa, na miaka yao. Majina ambayo bado yana shaka yaandikwe katika daftari, liwekwe wazi ili kila mtu aweze kulisoma na kusema alijualo. Kila ukoo ulete karatasi zake, vyeti, barua, picha zenye maandishi nyuma, hata Biblia kuukuu iliyoandikwa ndani yake siku za kuzaliwa watoto. Nafasi iachwe juu ya ubao. Nafasi tupu haimdhulumu mtu. Jina lililowekwa mahali pasipo pake humdhulumu mwenyewe, na pamoja naye wajukuu wake.

Walimu, chagueni vijana wawili wawili katika kila shule, wenye mwandiko mzuri na subira, waanze na madaftari yaliyo kuukuu kabisa kabla mchwa hawajayamaliza. Wazee, msiwaonee tabu vijana hao wakija kuwauliza swali lile lile mara tatu. Waambieni, "Yakobo yule si huyu, yule alikuwa na kovu, na mkewe alitoka ng'ambo ya mto." Neno kama hilo halimo katika maktaba yo yote ya ulimwengu, nalo lawatosha vijana kuwatenga watu wawili na kumrudishia kila mmoja maisha yake.